MAZUNGUMZO YA JUMA: Mbao Bila Hati ni Kuni

Juma lililopita alinijia ofisini mzee mmoja wa Ukambani, mchongaji wa vinyago aliyekwisha kuacha kazi kwa sababu ya macho. Alibeba kipande cha mti mweusi ndani ya gunia, akakiweka juu ya meza yangu, na meza ikalia kwa uzito wake.

"Mwanangu," akasema, "marehemu baba aliniachia vipande arobaini vya namna hii, navyo vimekaa darini miaka mingi. Mjukuu wangu ameitwa shule ya sekondari, na karo sina. Sasa amekuja mtu kutoka mjini. Asema atavichukua vyote usiku, kwa fedha taslimu, wala tusiulizane mengi. Je, nimpe?"

Nilimwomba asimpe kwanza. Nami naona yafaa niwaeleze wasomaji sababu zake, maana hapana shaka wako wengine wenye mali kama hiyo wasiyoijua thamani yake wala sheria yake.

Mti ule ni mpingo. Wengi wetu twaujua kwa vinyago tu, lakini mpingo ni ndugu wa rozwudi, ile miti ya fahari ya Brazili, Bara Hindi na Madagaska. Wataalamu huiita jamii hiyo yote dalbergia. Huko China rozwudi hufanywa viti na makabati ya matajiri. Ulaya na Marekani hufanywa magitaa. Na mpingo wetu hufanywa klarineti na oboe, kwa kuwa ni mgumu na sauti yake ni safi.

Ughali wake watokana na ubora huo, na zaidi na uchache. Mpingo huchukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kufaa kukatwa. Tena shina lake mara nyingi limepinda au lina uwazi ndani, hata gogo likipasuliwa sehemu kubwa hutupwa. Kitu kigumu kupatikana huwavuta wezi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2016 ilionyesha kwamba, katika mali ya porini iliyokamatwa duniani tangu 2005 hata 2014, thamani ya rozwudi iliipita hata ile ya pembe za ndovu. Nasi hatuko mbali na jambo hilo: mwaka 2014 makontena ya magogo ya rozwudi kutoka Madagaska yalizuiwa katika bandari yetu ya Mombasa.

Sasa tuitazame sheria. Uko mkataba wa mataifa uitwao CITES, ambao Kenya iliukubali mwaka 1978. Rozwudi ya Brazili imo katika orodha ya kwanza ya mkataba huo tangu 1992. Maana yake ni kwamba haiuzwi kutoka nchi hata nchi, isipokuwa ile inayothibitishwa kwa hati kuwa ilipatikana kabla ya mti huo kuandikwa. Ndugu zake wote, na mpingo pamoja, waliingia katika orodha ya pili tarehe 2 Januari 2017. Hao huweza kuuzwa ng'ambo, lakini kwa kibali cha Serikali. Tangu tarehe 26 Novemba 2019 hawa wa orodha ya pili walipunguziwa masharti: vyombo vya muziki vilivyokamilika vilisamehewa, na vitu vingine vilivyokamilika pia, kama mti uliomo hauzidi kilo 10 katika shehena moja. Magogo na mbao havikusamehewa.

Basi, ndugu msomaji, fikiri. Mbao mbili zaweza kupasuliwa kutoka gogo moja. Moja ina stakabadhi, na nyingine haina. Ya kwanza mwenyewe huiuza mchana kwa mnunuzi yeyote aliye mwaminifu. Ya pili ni kuni tu mbele ya sheria, na mwenye kuipeleka barabarani huhatarisha mbao, gari na uhuru wake. Mnunuzi wa usiku ayajua hayo yote. Hofu ya mwuzaji ndiyo faida yake.

Kwa hiyo, mwenye mbao za namna hii na atafute kwanza karatasi zake, hata kama zimechakaa. Avihesabu vipande, avipime, aviandike daftarini. Kisha aende ofisi ya misitu iliyo karibu naye kabla ya kuhamisha hata kipande kimoja, kwa sababu mbao husafirishwa kwa ruhusa. Ikiwa mnunuzi yuko ng'ambo, na aulize Shirika la Wanyamapori, KWS, juu ya kibali cha CITES.

Mwenye kununua naye asilale. Na adai kuziona hati kabla ya kutoa fedha, tena ajihadhari na majina. Huko Brazili rozwudi huitwa jakaranda, lakini si mjakaranda wetu wenye maua ya zambarau katika barabara za Nairobi. Anayekuuzia ubao wa huu kwa bei ya ule amekuibia.

Yule mzee alirudi siku ya nne. Ndani ya Biblia ya baba yake aliikuta stakabadhi ya mwaka 1983, yenye muhuri, imeandikwa vipande arobaini na sita. Nilimwuliza sita viko wapi. Akacheka, akanionyesha mikono yake: "Hivyo nilivichonga mimi mwenyewe." Tuliandika maelezo hayo, akatia sahihi, akaenda nayo ofisi ya misitu.

Mtu wa mjini aliposikia habari za muhuri hakuonekana tena. Karo ya muhula wa kwanza mzee ameilipa kwa kuuza mbuzi wawili, na mpingo ungali darini ukingojea ruhusa. Aliniambia kwamba mti uliomngoja baba yake na yeye hautashindwa kumngoja mjukuu miezi michache.