Kucheua Si Kimeo



Hapa Makoko mtoto mchanga akirudisha maziwa, shauri hutolewa haraka. Jirani husema, "Huyo ana kimeo. Apelekwe akakatwe." Bibi huitikia. Mama huogopa. Mimi mganga wenu wa zahanati nasema: tuache kukata vimeo. Wembe huo unaweza kumwua mtoto aliyekuwa mzima.

Kucheua ni nini? Tumbo la mtoto mchanga ni dogo. Mlango wa juu wa tumbo bado haujakaza. Mtoto akishiba sana, au akimeza hewa, maziwa kidogo hurudi mdomoni. Ni kama mtungi uliojaa usio na kifuniko. Ukiuinamisha, maji humwagika. Watoto wengi hucheua miezi ya kwanza. Wengi huacha kabla ya kutimiza mwaka 1.

Kimeo ni kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo. Kila mtu anacho. Hakirudishi maziwa. Mtoto akikatwa anaweza kutoka damu nyingi, kupata pepopunda, au kuambukizwa UKIMWI kwa wembe uliokwisha kata wengine.

Utaniambia, "Wangu alikatwa, akapona." Ni kweli aliacha kucheua. Lakini angeacha hata bila kukatwa, kwa sababu alikuwa amekua.

Basi mama, fanya hivi:

1. Mnyonyeshe mara nyingi, kidogo kidogo. Kichwa kiwe juu kuliko tumbo.

2. Akimaliza, mweke begani, umpapase mgongo mpaka abeue. Mshike wima kwa muda wa dakika 20 au 30.

3. Usimfunge nguo ya kubana tumbo. Wakati wa kulala mlaze chali.

4. Usimpe uji, maji wala dawa za miti shamba. Maziwa ya mama peke yake yanatosha mpaka miezi 6.

Tazama pia kadi yake ya kliniki. Ikiwa mstari wa uzito unapanda, na mtoto anachangamka, usihangaike. Fua nguo, endelea kunyonyesha.

Lakini si kila kutapika ni kucheua. Mkimbize mtoto zahanati, usiku au mchana, ukiona haya: anatapika kwa nguvu kila anaponyonya, matapishi ni ya kijani au yana damu, ana homa, tumbo limevimba, anakataa kunyonya, hakojoi kama kawaida. Ikiwa uzito wake hauongezeki, mlete pia. Huo ni ugonjwa. Nao hautibiwi kwa wembe.

Akina baba, nanyi sikilizeni. Fedha ya kumlipa mkata kimeo wekeni iwe nauli ya zahanati. Na nyinyi bibi zetu, mnawapenda wajukuu. Mama anapochoka, mpokeeni mtoto, mmweke begani mpaka abeue. Hiyo ndiyo dawa ya kucheua, na haina gharama.