Ujambazi Haukushuka na Treni

Nyumba ikivunjwa usiku Kikula, hapa Likasi, au mchuuzi akinyang'anywa pesa kwenye barabara ya Lubumbashi, hukumu hutoka kabla polisi hajafika: ni watu wa kuja, wale walioshuka na treni kutoka Kasai, wale wewa wa pikipiki. Imani hii haina chama wala dini. Utaisikia kwa mwalimu na kwa mlevi. Lakini mwambie anayeishika alete daftari la polisi au la mahakama linaloithibitisha, naye atakuletea kisa alichosimuliwa na jirani. Yaliyoandikwa kuhusu mji wetu yanaelekea upande mwingine kabisa. Katika uhalifu mkubwa kuliko wote ambao wazee walio hai leo wameushuhudia Likasi, waliotendewa ni watu wa kuja, na waliotenda ni vijana waliojiita wenye nchi.

Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano wa Taifa, uliokuwa ukifanyika Kinshasa, ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, awe waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Huku kwetu gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza na chama chake cha UFERI walikuwa wamekwisha kuwahubiria watu kwamba Wakasai ndio chanzo cha shida zao, na kuwaita bilulu, yaani wadudu, lilikuwa jambo la kawaida mikutanoni. Haukupita muda vijana wa JUFERI, tawi la vijana la chama hicho, wakaanza kupita nyumba kwa nyumba Likasi. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa au kuporwa, na nyingine zikahamiwa na watu wengine. Maelfu kwa maelfu walijazana stesheni na mashuleni, baadhi kwa miezi, wakingojea mabehewa ya kuwapeleka Kasai. Watoto na wazee wakafa humo kwa maradhi na njaa. Machi 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Na hao waliofukuzwa kama wageni, wengi walizaliwa hapa hapa, wajukuu wa vibarua ambao Union Minière, kampuni ya madini ya Wabelgiji, iliwatoa Kasai, hasa baada ya reli kufika Ilebo mwaka 1928, ikawapa nyumba za kambi pamoja na wake zao ili wasirudi makwao.

Tuyataje matendo hayo moja moja: kuua, kuchoma nyumba, kupora, kumtoa mtu kwake na kulala kitandani mwake. Hakuna hata moja ambalo sheria ya jinai ya nchi hii hailijui. Hata hivyo Kyungu hakuhukumiwa kwa yale ya Likasi, na miaka ya baadaye aliketi kwenye kiti cha spika wa bunge la jimbo. Hapo ndipo kazi halisi ya imani hii inapoonekana: humficha mwizi. Aliyebeba redio ya Msanga mwenzake angeitwa mwizi. Aliyebeba ya Mkasai aliitwa mtetezi wa udongo wa mababu. Jambazi wa siku za kawaida naye anaijua hesabu hiyo. Mtu aliyefika juzi hana mjomba kwa shefu wa mtaa, hulala chumba cha kupanga, hutembea na pesa yake yote mfukoni, huendesha pikipiki ya bosi hadi usiku wa manane, na akiibiwa huogopa kituo cha polisi, maana swali la kwanza litakuwa ametoka wapi. Windo gani rahisi kuliko huyo?

Nitajibiwa kwamba miongoni mwao wamo wezi. Wamo, na akamatwe kila mmoja kwa jina lake. Nisichokubali ni kosa la mmoja kugeuzwa ruhusa ya kuwapiga wote. Novemba 2023 huko Malemba-Nkulu, Haut-Lomami, kijana wa pikipiki aliuawa. Lawama ikawaangukia Wakasai kwa jumla, wakashambuliwa, na baadhi yao wakauawa hadharani, picha zikizunguka kwenye simu za watu. Lusaka, Aprili 2016, mauaji ya kweli ya watu kadhaa yalibandikwa Wanyarwanda kwa uvumi tu: maduka yakaporwa, watu wawili wakachomwa moto, na kumbe wote wawili walikuwa Wazambia. Sidhani kuna anayefurahia vurugu za namna hiyo kumshinda muuaji wa kwanza.

Hoja nzito zaidi ni ya kazi. Ni kweli kwamba Union Minière na shule za misheni ziliwatanguliza Wakasai, na maofisi ya Gécamines, kampuni ya serikali iliyoirithi, yalijaa majina yao. Manung'uniko hayo yalikuwa na msingi, ila mahali pake palikuwa kwenye sendika na serikalini. Na matunda ya kuwafukuza tuliyaona. Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilishuka chini ya tani 50,000 mwaka 1993. Kuporomoka kwa mgodi wa Kamoto mwaka 1990 na uozo wa utawala wa Mobutu vina sehemu yao kubwa, sitaki kudanganya. Lakini kampuni iliyokwisha kulegea ikapoteza maelfu ya mafundi kwa miezi michache haiinuki, na kazi walizoahidiwa vijana wa JUFERI zilizama pamoja nayo.

Wengine husema hayo ni ya zamani. Lakini sivyo. Treni za Kasai zinaleta watu tena, baadhi yao wakiwa wamekimbia vita vya Kamuina Nsapu vya 2016 na 2017, na maneno ya 1992 yamerudi midomoni. Kijana wetu anayeyarudia, siku akivuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda kutafuta maisha Johannesburg, ndiye atakayekuwa mtu wa kuja. Mei 2008 mashambulizi dhidi ya wageni huko Afrika Kusini yaliua watu 62, na 21 kati yao walikuwa raia wa nchi hiyo. Mkuu wa polisi wa Likasi anayetaka kweli kupunguza ujambazi ana pa kuanzia: mlalamikaji mwenye lafudhi ya Kasai akifika kituoni, aandikwe daftarini siku hiyo hiyo, bila kudaiwa hata faranga moja.