Roboti nyoka: punguzeni uzito kwanza!

Bumu bado, kwa hiyo jana usiku nilibaki rumu nikibishana na mshikaji wangu wa uhandisi. Projekti yake ni roboti nyoka wa kupenya kwenye kifusi kutafuta watu. Wazo zuri sana, na waliokuwepo Kariakoo Novemba 2024 ghorofa lilipoporomoka hawahitaji kuelezwa kwa nini. Tatizo ni mchoro wake: kila kiungo kina mota kubwa, "ili kiwe na nguvu".

Mimi mwalimu mtarajiwa tu, fizikia na bailojia, lakini hapo nilikataa. Hesabu yenyewe ni ya kidato cha pili jamani! Nyoka akiinua kichwa avuke tofali, kiungo cha nyuma kinabeba mota zote zilizo mbele yake. Ukirefusha sehemu inayoinuliwa mara mbili, uzito unakuwa mara mbili na umbali nao mara mbili, kwa hiyo kile kiungo kinatakiwa kuzungusha kwa nguvu mara nne. Unaweka mota kubwa zaidi, ambayo ni nzito zaidi, inayotaka betri nzito zaidi... Mwisho unaburuza waya wa umeme mpaka nje, halafu waya unanasa kwenye nondo.

Shigeo Hirose wa Japani alitengeneza roboti nyoka wa kwanza mwaka 1972, viungo 20, kilo 28. Hakumfanya anyanyuke. Alimwekea vigurudumu tumboni vinavyoteleza kwenda mbele lakini vinagoma kwenda pembeni, kama magamba ya nyoka. Akijipinda tu, anasonga. Msuguano unafanya kazi bure!

Mshikaji akasema kwenye kifusi vigurudumu vitakwama. Kweli, hapo alinibana. Na tundu likiwa jembamba nyoka hujikunja na kujikunjua, mwendo ambao watafiti wa Marekani walipima mwaka 1990 wakakuta unakula nishati karibu mara saba ya ule wa kujipinda. Sasa kama mwendo wenyewe ni ghali hivyo, kwa nini umbebeshe vyuma vya ziada? Mpe ngozi yenye magamba ya mpira, mota ndogo, kichwani kamera na maiki basi.

Kesho anapeleka mchoro kwa msimamizi wake. Ameniambia nirudi kwenye lesoni plani zangu. Wa uhandisi mliopo humu, njooni mnipinge kwa hesabu.