Ruwej peke yake hatoshi

Tarehe 8 Machi katika mji wetu wa Lubumbashi tunaijua sote. Wamama wanavaa vitenge vya namna moja, wanapita mbele ya wakubwa, halafu mwanaume mmoja anapanda kusema juu ya "mwanamke katika historia yetu". Kila mwaka ni wale wale. Atataja Ruwej wa Walunda, aliyempokea mwindaji Cibind Yirung. Kama yeye ni Muluba, ataongeza Bulanda, mama ya Kalala Ilunga. Watu wanapiga makofi, tunaenda kunywa.

Siwakatai hao. Kwa Mwant Yav kuna cheo cha Rukonkesh, na kinashikwa na mwanamke. Hiyo si hadithi ya watoto. Lakini mie nasema wazi: tumemgeuza Ruwej kuwa pazia. Tunamsifu mkubwa wa zamani sana ili tusiulizwe juu ya mama aliyetuzaa katika kambi.

Union Minière ilianza 1906, na miaka ya kwanza ilitaka wanaume peke yao, wa kuja muda mfupi na kurudi kwao. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 ikabadili akili: mtu aje na bibi yake, akae, azae. Si kwa mapendo. Mwenye bibi alikula vizuri, hakukimbia kazi ovyo, na watoto wake walihesabiwa kuwa wafanyakazi wa kesho. Basi kupika posho, kuchota maji, kuuguza, kulima kashamba nyuma ya nyumba, yote hayo yalikuwa ndani ya hesabu ya shaba. Mshahara wake je? Hakuna. Katika karatasi, bibi alikaa chini ya namba ya bwana yake. Masere walimfundisha kushona na kupiga pasi, wakampimia mtoto. Yeye mwenyewe aliwaza nini juu ya mambo hayo? Nani alimuuliza?

Wanafunzi wetu wanajua jina la Léonard Mpoyi, aliyeuawa Desemba 1941 wakati wagomaji walipopigwa risasi kwenye uwanja wa mpira. Vizuri. Sasa nitajie jina la mjane mmoja wa siku ile. Mmoja tu. Juma lililofuata alikula nini na watoto? Wale ambao wangetujibu wamekwisha kufa. Hiyo hatutaipata tena, na tusiwasingizie Wabelgiji peke yao: tangu 1960 tulikuwa na miaka mingi ya kupita mlango kwa mlango.

Kuna wanaoniambia: "Wamama hawajui historia, wanajua nyumba." Hata maboyi walijua nyumba za wazungu tu, lakini mwaka 1965 walitoa historia ya mji huu kwa Kiswahili chao, ile iliyoandikwa na André Yav, *Vocabulaire* ya Elisabethville. Leo maprofesa wa Ulaya na Marekani wanaisoma. Boyi alipewa nafasi ya kusema. Bibi yake hapana.

Na tukienda kuuliza, tunauliza vibaya. Nilifanya kosa hilo mie mwenyewe. Nilikaa sebuleni, mzee akajibu kila swali, hata lile la kuzaa. Mama akasema tu: "Uliza baba, njo anajua. Mi nilikuwa napika." Nilirudi siku nyingine, mzee hayuko, nikamkuta anachambua sombe. Sikuuliza historia. Niliuliza bei ya unga. Alisema saa mbili nzima! Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya elfu kumi walipoondoka Gécamines kwa ile mipango ya "kuondoka kwa kupenda" (kupenda gani?), feza ya mzee iliisha mbio. Makala na mikate ya mama njo ilisomesha watoto. Lakini mpaka leo mzee anasema: "Mimi nimesomesha."

Halafu hata kidogo tunachokusanya, tunakifungia. Kazi za kumaliza masomo ya lisanse zinalala katika maktaba, kwa Kifaransa, na mama aliyetoa maneno yake hawezi kuzisoma. Mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioanza 2000, ulifungua njia, siupingi. Ulitoa 2002 kitabu *Femmes, modes, musiques*. Lakini kilichapishwa Paris. Ni mama gani wa Kenya au wa Katuba aliyekishika mkononi? Mufwankolo na wenzake waliigiza kwa Kiswahili cha hapa na watu walijaa. Basi maneno ya wamama yapite redioni, yasomwe kanisani baada ya misa, yapigwe mchezo katika viwanja vya kambi. Na kabla ya yote yarudi kwa mwenyewe ayasikilize, aseme hiki weka, hiki toa. Wenzangu wanaogopa kwamba atatoa mazuri yote. Afute! Ni maisha yake.

Mama yule nilimrudishia yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba nitoe mahali pa lutuku, juu ya mjukuu wake ambaye sasa ni pasta. Nimetoa. Halafu akaniita tena mlangoni: "Ila ile ya mikate, iache. Na uandike jina yangu, si jina ya baba."