Vinu vya Upepo na Mwenye Ardhi

Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo nililoliona likizo iliyopita.

Mwenzangu mmoja nami tulipanda basi hapa Kigali kwenda Nairobi kwa mjomba wangu. Habari za njiani sitazieleza. Kila aliyepita njia hiyo ya Kampala anajua jinsi mtu anavyofika na shingo imekakamaa. Siku ya tatu Mjomba alituchukua kwa gari lake kututembeza upande wa Kajiado. Kwenye vilima vya Ngong tukaona vinu vyeupe vya upepo, kila kimoja na mikono mitatu, ikizunguka polepole. Viwili vya kwanza viliwekwa hapo mwaka 1993. Mbele zaidi, kule Kipeto, vipo 60, na uwezo wake wa umeme ni megawati 100.

Mwenzangu akasema, "Lo! Wameiharibu nchi nzuri." Sikumjibu mara moja, maana hata macho yangu yalikuwa hayajazoea. Lakini tuliposimama kidogo niliona ng'ombe wamejipanga mstari mmoja katika kivuli chembamba cha mnara, na kivuli kikisogea, nao wanasogea.

Nionavyo mimi, tunabishana juu ya uzuri kabla ya wakati wake. La kwanza kuuliza ni kama mwenye ardhi alishauriwa. Pale Kipeto wenye ardhi waliikodisha, na mifugo yao ingali ikila majani chini ya minara. Lakini huko Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, penye vinu 365, wenyeji walikwenda mahakamani, na mwaka 2021 mahakama iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za ardhi ile hazikupatikana kwa kufuata sheria. Tena vinu hivyo vilikuwa tayari mwaka 2017, vikakaa bure hadi 2018 vikingoja njia ya umeme ya zaidi ya kilomita 400. Mambo haya yote mawili ni makosa ya binadamu. Upepo wenyewe ulikuwa ukivuma siku zote.

Najua wengine bwenini watauliza, mbona sisi wenye milima elfu hatuna vinu hivyo? Kilima peke yake hakitoshi. Kasi ya upepo ikipungua kwa nusu, nguvu yake haibaki nusu, bali sehemu moja tu ya nane. Kwa hiyo penye upepo hafifu kinu kikubwa ni pambo la bei ghali. Sisi tuna gesi ya Ziwa Kivu, tuna maporomoko ya Rusumo tunayoshirikiana na Tanzania na Burundi, na jua. Lakini kwetu kila mteremko una shamba la mtu, mwenye maharagwe yake na migomba yake, naye pia anastahili kuulizwa kabla nguzo ya kwanza haijachimbiwa.

Mwenzangu hajakubali. Yeye angali anasema vinu vile vinatisha. Basi tumepatana likizo ijayo twende Rwamagana, tukatazame vioo vya jua vilivyopangwa mwaka 2014 kwa umbo la ramani ya Afrika, ndipo tuendelee na ubishi wetu.