Lipeni kiingilio cha Shimoni, wasee

Najua hii itanikosesha kolabo kadhaa, lakini wacha niseme. Watengeneza kontenti wenzangu, huu mchezo wa kufika mlangoni pa Pango la Shimoni na kuomba kuingia bure ati "nitawapostia" ni aibu.

Tufanye hesabu. Umetoka Diani asubuhi, trip ya siku moja. Umelipa gari. Umelipa mashua ya kwenda kuona pomboo kule Kisite-Mpunguti. Umekula kaa Wasini na hukuomba kupunguziwa hata shilingi. Halafu unafika pangoni, kiingilio ni kidogo kuliko hiyo lunch yako, na hapo ndipo unakumbuka una wafuasi elfu arobaini! Kwani nahodha hana simu? Mbona yeye hukumwambia utampostia? Ungeachwa gatini, ndio maana.

Na hili pango si la tajiri fulani. Linasimamiwa na wanakijiji wenyewe, na mapato yake yamesaidia zahanati na masomo ya watoto wa hapo.

Nilipoenda, jamaa mmoja na fimbo yake ya simu alimwambia mwongozaji, mtu wa umri wa babake, "Buda, hii ni promo." Mzee akamjibu polepole, "Mwanangu, Shimoni yajulikana tangu hujazaliwa." Manze, nilitamani kupiga makofi.

Kuingia aliingia. Kitu cha kwanza, akashika stalaktiti ajipige picha. Ile kitu inayoning'inia darini hutengenezwa na maji ya mvua yanayopenya kwenye mwamba wa matumbawe, yakiyeyusha chokaa, kisha kila tone linaacha chembe kidogo. Kwa kawaida hairefuki hata milimita moja kwa mwaka. Mafuta ya mkono wako yanatosha kuzuia chokaa isishike tena hapo. Hayo yote mwongozaji alikuwa anayaeleza, jamaa anatafuta mwanga.

Alieleza pia habari ya watumwa. Wenyeji wanasimulia kwamba watu walifungiwa humo wakingoja majahazi ya kwenda Zanzibar. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa 1873, lakini magendo yaliendelea. Vyuma unaonyeshwa ukutani. Wewe unawekelea amapiano juu yake?

Najua mtasema kontenti inaleta wageni. Sawa, hebu fungua hizo video. Hakuna anayetaja kwamba pango ni la kijiji, hakuna anayesema kuna kiingilio. Wote wameandika "lulu iliyofichika". Imefichwa na nani? Kijiji kizima kinaitwa Shimoni kwa sababu ya hilo shimo!

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sina mshahara, na nililipa. Nikamwachia mzee na ya chai. Kama video yako ya bure bado iko hewani inakuingizia views, mlango uko pale pale. Rudi na pesa yao.