Ukienda Meru Likizoni, Utalala Mtaa Gani?

Kila shule zinapokaribia kufungwa, mabaraza yetu ya Mombasa hujaa mipango ya safari. Huyu ataka kwenda Lamu kwa shangazi yake, yule Tanga kwenye arusi, na siku hizi wako pia wanaosema kuwa watakwenda bara, wakaone milima na waonje baridi. Na mtu akisema aenda bara, swali la kwanza aulizwalo si la nauli. Huulizwa: "Huko utalala wapi? Pana msikiti? Utakula nini?"

Mimi silicheki swali hilo. Mtu aliyechukua mke, watoto na pengine mama yake mzee, hana budi kujua mbele ya safari watasali wapi na chungu chao kitatoka wapi. Ubishi wangu ni juu ya jibu ambalo sisi hulitoa bila ya kufikiri: "Tafuta Majengo."

Karibu kila mji wa bara una Majengo yake. Nairobi iko Pumwani, Nyeri iko, Nanyuki iko, na ukivuka mpaka utaikuta hata Moshi. Mji wa Meru nao una Majengo, na una Mjini, mitaa ambayo Waislamu wamekaa tangu zamani. Boma la Meru lilianzishwa mwaka 1908 na Mwingereza E. B. Horne, ambaye Wameru walimpa jina la Kangangi. Na kama ilivyokuwa katika maboma mengine ya bara, nyuma ya serikali ile walifuatana wapagazi, askari, wapishi na wachuuzi, wengi wao wasemaji wa Kiswahili na watu wa kusali. Wakakaa upande wao, wakaoa, wakazaa, wakazika. Ndiyo sababu mtu wa Pwani akiteremka Meru hii leo, akiwa amechoka na vumbi la njiani, husikia adhana na kuona kanzu, na moyo wake ukatulia.

Hiyo ni neema, wala sitaki mtu aseme nimeitukana. Lakini neema nayo yaweza kumfungia mtu mlango.

Safari yangu ya kwanza na jamaa zangu nilikosea mara mbili kabla ya kupatia. Kosa la kwanza lilikuwa la uvivu. Sikuuliza mtu, nikamfuata dereva aliyetupeleka upande wa Makutano. Chumba kilikuwa safi na maji ya moto yalikuwapo, lakini chini yake palikuwa na baa, na muziki haukunyamaza mpaka alfajiri. Subhi tuliisali dirisha likitetemeka. Mtoto wangu wa mwisho aliniuliza kama kuna arusi. Makutano si pabaya kwa vijana wasiojali makelele, lakini si mtaa wa mtu na watoto wake.

Kulipokucha tukahamia Majengo, na hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, ambalo nililiona kuwa ni busara. Tulilala vizuri. Tulikula pilau, tukanywa chai ya tangawizi, nikapata na baraza la wazee wa kuzungumza nao baada ya Isha. Siku ya nne nikamkuta mke wangu amekaa kitandani, akanambia, "Baba watoto, tumetoka mwendo wa kilomita zaidi ya 700 tuje tule maharage ya nazi?"

Nami nilikuwa na jambo la kuniuma zaidi kuliko hilo. Tulikuwa na mwenyeji. Nilifanya kazi naye Kilindini kwa miaka mingi, naye alipostaafu akarudi kwao Mikinduri, mji mdogo wa soko huko Tigania Mashariki, upande wa vilima vya Nyambene. Alikuwa ametutengezea chumba. Mimi nikamwambia kuwa tutakuwa tukija mchana na kurudi Meru jioni, "kwa ajili ya mambo ya sala." Basi kila siku tulipanda matatu, tukafika, tukakaa saa mbili tatu, na kila nikipewa kikombe cha chai mimi naangalia saa. Siku ile ya nne akanisindikiza hadi kituoni akasema, bila ya kupandisha sauti: "Bwana, mimi nilipokuja Mombasa nililala kwako. Sikukuuliza kama Kuze kuna kanisa."

Kweli alilala kwangu, tena si mara moja. Amekula daku nyumbani kwangu na hali yeye hafungi. Sikuwa na la kumjibu. Siku ya pili tukafunga mizigo yetu ya Majengo tukaenda Mikinduri, na huko tukalala siku sita.

Kwa sikio letu sisi, Mikinduri ni jina la karibu. Mke wangu alidhani ni mahali pa mikindu, akatazamia kuona ukili na mikeka. Mwenyeji akacheka, akatuonyesha kuwa mukinduri kwa Kimeru ni mti mwingine kabisa, mrefu, wenye kivuli, unaopandwa hata mipakani mwa mashamba. Mikeka ilikuwa ile tuliyokuja nayo wenyewe.

Na yale mambo ya sala na chakula niliyoyafanya ukuta? Shemeji, yaani mke wa mwenyeji wangu, alikuwa amenunua sufuria mpya kabla hatujafika, akamwambia mke wangu aiweke upande wake wala isipikiwe kitu kingine. Kuku aliletwa akiwa hai, pamoja na kisu, nikaambiwa: "Chinja mwenyewe." Siku ambazo hatukuchinja tulikula githeri, ndizi na viazi vikuu, na katika hivyo hakuna fatwa ya kutafuta. Kibla hakikunisumbua, kwani Meru na Mombasa ziko takriban chini ya mstari mmoja na Makka: ukielekea kaskazini, umeelekea. Bibi kizee wa nyumba hiyo aliwanyamazisha wajukuu kila tulipotandika mkeka. Siku ya Ijumaa tulikwenda Meru mjini kusali na tukarudi. (Ama habari za kukusuru na kujumuisha, muulize shehe wako kabla hujaondoka, usiniulize mimi.)

Lakini faida yenyewe ilikuwa usiku, wakati ambapo zamani ningekuwa nimekwisha kupanda matatu. Usiku wa pili mzee mmoja wa jirani alikuja kututazama. Alipojua tumetoka Pwani, akasema, "Basi mmetufuata." Akatusimulia asili ya Wameru kama walivyopokezana wazee wao: kwamba walikuwa wakikaa mahali panapoitwa Mbwa, kisiwani, baharini, kwamba walitawaliwa kwa mateso na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani wenye nguo nyekundu, na kwamba wakatoroka usiku, wakayavuka maji, wakapanda bara wakiongozwa na Koomenjoe. Jeffrey Fadiman, mwanahistoria wa Kimarekani aliyewahoji wazee wa Meru, aliihusisha Mbwa na kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu. Kama ni Manda au siyo, hilo na wabishane wataalamu. Mimi nilichokiona ni kwamba mzee yule alikuwa akinieleza bahari yangu, naye amekaa kwenye baridi ya Nyambene, na alitaka kujua kutoka kwangu hao wenye nguo nyekundu walikuwa akina nani. Nilimwambia sijui. Akaniangalia kama mtu anayeficha jina la nduguye.

Mazungumzo kama hayo hayapatikani kwa ziara ya saa mbili.

Na hatukuzungumza ya kupendeza tu. Mei 2024, Kaunti za Mombasa na Kilifi zilipotangaza kuipiga marufuku muguka inayotoka Embu, maneno baina ya Pwani na bara yalikuwa makali, mpaka mambo yakafika mahakamani. Mimi ni mzazi, na nimewaona vijana wa mtaani kwangu wakiozea vibarazani, mashavu yamejaa. Nilimwambia hivyo mwenyeji wangu, tena kwenye kiti chake. Yeye akanijibu kwa habari za miraa yao, ambayo Uingereza iliifungia milango mwaka 2014, na kwa karo alizokuwa akizilipa kwa miti ile. Hatukukubaliana, na hata leo hatujakubaliana. Lakini nilisikia maneno yake kutoka kinywani mwake, si kutoka redioni.

Ajabu ni kuwa sisi ndio wepesi wa kuwalaumu watu wa bara. Huja Mombasa Disemba, wakapanga vyumba Nyali na Bamburi, wakaoga baharini, wakapiga picha kwenye yale mapembe ya Barabara ya Moi, kisha wakarudi kwao wakasema wameijua Pwani, na hali hawakuketi hata siku moja Kibokoni au Majengo. Twasema hawana adabu ya kujua watu. Na sisi tukienda kwao hukimbilia mtaa uliofanana na kwetu, tukarudi tukasema tumeona Meru.

Sisemi kila mtu aende akalale Mikinduri. Asiye na mwenyeji asijitie ujasiri, kwani ni mji mdogo, na nyumba za wageni si za kuchagua. Mwenye mgonjwa, au anayesafiri Ramadhani akataka tarawehe, Majengo ni mahali pake na apashukuru. Hata mwenye mwenyeji hakosi akilala huko usiku wa kwanza, maana njia ni ndefu. Na ukifuata barabara ya Embu na Chuka, safiri mchana: Julai 2022 basi lililotoka Meru kuja Mombasa lilitumbukia kwenye daraja la Nithi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Mungu awarehemu.

Ila aliye na mtu wa kumkaribisha, kisha akalala mbali naye kwa kisingizio cha dini, namwomba aitazame vizuri dini hiyo. Mimi nilipoitazama yangu, niliona nusu yake ilikuwa ni woga wa choo cha nje na baridi ya usiku.

Disemba hii twarudi. Mwenyeji amepiga simu mara mbili kuuliza tarehe, na shemeji ametuma salamu kuwa ile sufuria ingali kando, haijapikiwa kitu. Mke wangu amekwisha kutia mkeka na kisu ndani ya mzigo. Mtoto wa mwisho ndiye pekee aliyelalamika: yeye ataka turudi kule kwenye "arusi".